Riwaya ya marafiki wanne wa kike wanaopeleleza mauaji: je, inaweza kusimama Dodoma?

Mwalimu wa Hombolo ameuliza:

Habari za wakati huu, ndugu wasomaji. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Dodoma, na kwa miaka miwili sasa naandika riwaya ya upelelezi ambayo imekwama katika sura ya sita. Naomba msaada wenu, hasa ninyi mlio karibu na mahakama, polisi, hospitali au vyombo vya habari.

Wazo hili lilinijia nilipokuwa nikisoma mfululizo wa James Patterson ulioanza kutoka mwaka 2001, ule wa wanawake wanne wa San Francisco. Lindsay Boxer ni mpelelezi wa mauaji, Claire Washburn ni daktari mkuu wa uchunguzi wa maiti, Jill Bernhardt ni mwendesha mashtaka, na Cindy Thomas ni mwandishi wa gazeti. Kila mmoja ameshika kipande cha kesi ambacho wenzake hawana, na wanapokutana mgahawani vipande hivyo vinaungana. Kilichonivuta si damu wala mbio za magari, bali ni kwamba kila mmoja wao kazini amezungukwa na wanaume wenye vyeo kumzidi, na ni pale mezani tu anapoweza kusema anachokifikiri hadi mwisho bila kukatizwa. Sisi katika Kiswahili tumelelewa na Bwana Msa na kiko chake, kisha Willy Gamba, kisha Joram Kiango. Nawapenda wote watatu. Hata hivyo, ni wanaume, na akili inayofumbua fumbo ni ya mtu mmoja.

Katika mswada wangu, mama mmoja mwenye shamba la zabibu anakutwa amekufa kando ya mizabibu yake wiki moja kabla ya mavuno. Marafiki wanne, yaani mkaguzi wa polisi, daktari, wakili wa serikali na mtangazaji wa redio, wanakutana kila Jumamosi jioni kwenye nyama choma, wanaoneshana picha za simu na kusomeana maelezo ya mashahidi. Niliifurahia sana sura hiyo mpaka jamaa yangu mmoja anayefanya kazi mahakamani alipoisoma na kuniambia kwamba kesi ya namna hiyo ingeanguka siku ya kwanza. Swali langu ni hili: je, urafiki wa aina hii unaweza kupeleleza mauaji kwa sheria na taratibu zetu bila kuiharibu kesi yenyewe, au ni jambo la Marekani ambalo halihamishiki?

Joho Jeusi amejibu:

Mwalimu, jamaa yako amesema kweli, lakini hakumaliza. Nimeshughulika na kesi za jinai kwa miaka kadhaa, nami naona kwamba ugumu anaoutaja ndio riwaya yenyewe.

Kwanza ondoa kichwani mahakama ya San Francisco. Kule baraza la raia wa kawaida ndilo linaloamua kama mshtakiwa ana hatia, na mkuu wa mashtaka wa eneo huchaguliwa kwa kura, kwa hiyo mwandishi wa gazeti anaweza kuitikisa kesi kwa kuwatikisa wapiga kura. Hapa kwetu hukumu iko mikononi mwa jaji, na Mkurugenzi wa Mashtaka huteuliwa na Rais. Mshtakiwa wa mauaji hufikishwa kwanza mbele ya hakimu, ambaye humsomea shtaka na kumwambia asijibu lolote kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa, mshtakiwa anarudi mahabusu, kwa kuwa kosa hilo halina dhamana. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa miezi mingi kabla jalada halijafika Mahakama Kuu. Mwandishi wa riwaya anayetaka kila kitu kiishe kwa wiki mbili atakuwa anaidanganya nchi yake. Badala yake, hebu fikiria marafiki wanne ambao kwa miezi minane wanamwona mtu yuleyule akipandishwa na kushushwa kwenye karandinga, nao wanazidi kuamini kwamba si yeye aliyeua.

Pili, kuna maongezi ambayo sheria inayaruhusu. Tangu ilipotungwa Sheria ya Usimamizi wa Mashtaka ya mwaka 2008, waendesha mashtaka wana wajibu wa kuratibu upelelezi, kwa hiyo mkaguzi wako na wakili wako wa serikali wana haki kabisa ya kukaa pamoja na kujadili jalada, ila wafanye hivyo ofisini. Daktari naye ni shahidi. Wakili anaweza kuzungumza naye kuhusu taarifa yake ya uchunguzi wa mwili, lakini siku atakapopanda kizimbani, wakili wa utetezi atasimama polepole na kumuuliza: "Daktari, Jumamosi ya tarehe fulani jioni ulikula wapi, na ulikula na nani?" Andika sura hiyo, Mwalimu. Andika jinsi daktari anavyomtazama rafiki yake aliyeketi meza ya mashtaka, na jinsi jaji anavyoinua macho kutoka kwenye maandishi yake.

Anayevunja kesi ni mtangazaji. Akipewa picha moja tu ya kielelezo kupitia simu, utetezi utauliza kilipita mikononi mwa nani na nani, na mnyororo mzima wa utunzaji utatiliwa shaka. Katika jinai shaka ikibaki, hata ikiwa moja lakini ya msingi, humfaidi mshtakiwa.

Nikuongezee jambo moja ambalo waandishi wetu hawalitumii. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mpelelezi saa nne za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu alipomshikilia, ingawa muda wa kumsafirisha kwenda kituoni hauhesabiwi na nyongeza inaweza kupatikana kwa utaratibu wake. Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda huo yanaweza kukataliwa na mahakama, hata kama mtuhumiwa alikiri kila kitu. Mkaguzi wako amemkamata mtu Hombolo, saa inakwenda, na anajua kwamba swali sahihi analo rafiki yake daktari ambaye hapokei simu kwa sababu yuko chumba cha upasuaji. Kwa ladha yangu, hofu ya namna hiyo inashinda bastola.

Msomaji wa Makole amejibu:

Mimi si mwanasheria, ni msomaji tu, na nina ombi moja. Usiwalinde sana wahusika wako. Naomba radhi kwa ambao hawajafika huko, lakini katika kitabu cha tatu cha mfululizo ule Jill anauawa, na baadaye nafasi yake mezani inakuja kukaliwa na Yuki Castellano, wakili kijana anayeingia akiwa mgeni. Niliposoma kifo kile nilikifunga kitabu kwa siku mbili. Hadi hapo nilikuwa nimedhani kwamba urafiki ni ngome. Ukitaka sisi tuwaamini wanne wako, tuoneshe kiti kitupu.

Bibi wa Misiba amejibu:

Mbukwenyi, wanangu. Mwalimu, nimesoma swali lako mara tatu, na pia nimesoma majibu ya huyo mwanasheria, ambaye ameeleza vizuri sana. Mimi ni muuguzi mstaafu, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa miongoni mwa wanawake wanaoitwa kuosha maiti za wanawake wenzao mtaani kwetu. Nina neno la kusema kuhusu wapi wanawake wako wanakutana na nani kati yao anaanza kuona.

Umewaweka kwenye nyama choma kwa sababu wale wa San Francisco wanakutana mgahawani. Wanawake wa Dodoma wanaotaka kuongea kwa saa tatu bila mtu kuwauliza mnaongea nini hawaendi huko. Wanakwenda kwenye kikoba. Wanakutana siku maalumu, kuna daftari, kuna sanduku lenye kufuli tatu na kila funguo inashikwa na mwanamke wake, na hakuna mume wala mkuu wa kazi anayeweza kuhoji kwa nini mama amekwenda kuweka hisa zake. Hapo utawapata mkaguzi wa polisi na muuza mboga wa Soko la Majengo wakiwa wamekaa mkeka mmoja na kuitana shoga. Tena kwenye kikoba watu wanajuana kwa fedha: nani amekopa ghafla, nani amelipa deni lote kwa siku moja, nani ameacha kuja. Katika mauaji ya mama mwenye shamba, habari hizo ni nzito kuliko alama za vidole.

Sasa nije kwenye lile ninalolijua zaidi. Mwanamke akifa nyumbani na watu wakasema ni presha, au ameanguka bafuni, anayemvua nguo na kumgeuza ni sisi. Mkono wa muoshaji unapita nyuma ya sikio, chini ya kwapa, katikati ya vidole, kila mahali. Tunaona michubuko ya zamani iliyogeuka njano na mipya ambayo bado ni ya zambarau. Nimewahi kusimama na kitambaa mkononi nikijua kwamba nilichokiona shingoni si alama ya kuanguka, na nje wanaume walikuwa wanahimiza kwamba jua linazama na kaburi liko tayari. Siku ile sikusema. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na mzee wa familia alikuwa amesimama mlangoni. Jambo hilo halijanitoka mpaka leo, na ndiyo sababu ninakuandikia kwa urefu huu.

Kwa hiyo nakushauri mmoja wa wanne wako awe muoshaji wa maiti. Si daktari, si mtu wa cheo. Aseme neno moja kwa mkaguzi kabla ya jeneza kutoka, na mkaguzi alazimike kuamua mbele ya waombolezaji kama atasimamisha mazishi ili mwili upelekwe hospitali kufanyiwa uchunguzi. Akichelewa, mwili ukishazikwa, kuufukua kunahitaji amri ya mahakama, na hakuna ukoo utakaomsamehe kwa urahisi. Unaona jinsi urafiki unavyogharimu hapo? Muoshaji amevunja siri ya maiti, ambayo ni amana, na mkaguzi ameingilia msiba wa watu.

Na kama utapenda kwenda mbali zaidi, usisahau kwamba Dodoma ina Mirembe na Isanga, wanakotibiwa wagonjwa wa akili. Mshtakiwa wa mauaji anayedaiwa kuwa hakuwa na akili timamu alipotenda kosa hupelekwa kuchunguzwa, na watu wa mikoa mingine wanalijua jina la Mirembe kama tusi tu. Sisi tuliofanya kazi za uuguzi hapa tunajua kuwa ni hospitali yenye wagonjwa wanaopona na ndugu wasiokuja kuwachukua. Ukiigusa, iguse kwa heshima.

Mwandishi wa Kanda ya Kati amejibu:

Nashukuru kwa mjadala huu, ingawa mimi ndiye niliyetajwa kuwa mvunja kesi. Joho Jeusi yuko sahihi kuhusu picha ya kielelezo, lakini naomba nimtetee kidogo mtangazaji.

Habari zetu nyingi za mauaji zina sauti moja: kamanda wa polisi wa mkoa amethibitisha kutokea kwa tukio hilo, chanzo ni wivu wa mapenzi au imani za kishirikina, upelelezi unaendelea. Habari ikitoka siku ya kwanza, mara chache sana inafuatwa siku ya mia mbili, wakati ushahidi unapotolewa Mahakama Kuu hadharani na mtu yeyote anaweza kuingia, kuketi na kuandika. Mpe mtangazaji wako kazi hiyo. Asipewe siri na mtu. Awe ndiye pekee anayekumbuka. Anazo daftari za miaka kumi, na ndani yake kuna vifo vya wanawake watatu wa Kongwa, Mpwapwa na Bahi, kila kimoja kikiwa kimeandikwa kwa maneno yaleyale ya imani za kishirikina. Vilipelelezwa na wilaya tatu tofauti na majalada yake hayajawahi kulazwa meza moja. Yeye anayalaza pamoja kwa kutumia habari ambazo zilikwisha kutangazwa. Hapo hajavunja sheria yoyote, na mkaguzi anaweza kumsikiliza kama anavyomsikiliza raia mwingine.

Nasema imani za kishirikina kwa sababu najua jinsi maneno hayo yanavyofunga mlango. Katika maeneo kadhaa ya nchi yetu wanawake wazee wameuawa kwa kisingizio cha macho mekundu, ambayo aghalabu ni moshi wa jikoni wa miaka mingi, na nyuma ya tuhuma unaweza kukuta ugomvi wa shamba au urithi. Mama yako wa zabibu alikuwa na shamba. Nani alikuwa wa kwanza kumwita mchawi, na lini?

Mwalimu wa Hombolo amejibu:

Shikamoo Bibi. Nimesoma maneno yako nikiwa ofisini kwa walimu, ikabidi nitoke nje kwanza. Ninakushukuru kwa kutuamini na jambo zito kiasi hicho.

Nimeifuta sura ya nyama choma. Daktari nitambakiza, lakini atakaa nje ya kikoba na atakutana na wenzake mahakamani tu, ili lile swali la utetezi limkute shahidi mwingine: muoshaji, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba na ambaye atalijibu bila kutikisika, kwa sababu ni kweli alikula na mkaguzi Jumamosi ile, na ni kweli hawakuongea habari za marehemu. Wakili wa serikali nitamwondolea funguo yake ya sanduku. Ataomba mwenyewe kujitoa kikobani siku jalada litakapofika mezani kwake, na wenzake hawataelewa kwa nini, wala yeye hataweza kuwaambia. Nadhani hicho ndicho kiti kitupu alichokiomba Msomaji wa Makole, ingawa hakuna aliyekufa.

Joho Jeusi, nimebakiwa na swali moja. Muoshaji akisema alichokiona shingoni mwa marehemu, na daktari akaja kuuona mwili siku tatu baadaye michubuko ikiwa imebadilika rangi, mahakama itayapokeaje maneno ya mwanamke ambaye si mtaalamu?

Joho Jeusi amejibu:

Itayapokea kama ya shahidi aliyeona kwa macho yake. Hataruhusiwa kusema kilichomuua marehemu, kwa kuwa hilo ni la daktari, lakini hakuna atakayemzuia kusema alama ilikuwa wapi, ina upana gani, ya rangi gani, na ilikuwa saa ngapi alipoiona. Mfanye awe mtu anayekumbuka saa.