Mrejesho: kuomba wakati moyo umejaa malalamiko

Niliuliza kama ni dhambi kumwambia Mungu kwamba nimechoka na naona amenyamaza. Asanteni mlionielekeza Zaburi ya 13, imenifaa kuliko nilivyotarajia.

Ina aya 6 tu. Aya ya 1 na 2 ni malalamiko, na "hata lini" inarudiwa mara nne. Ya 3 na 4 ni ombi, ya 5 na 6 ni tumaini. Naisoma kwa sauti, kisha kila sehemu naiandikia sentensi mbili zangu, nikitaja jambo lenyewe kwa jina, si "changamoto".

Panapoharibika ni kukimbilia aya ya 5 kabla ya kumaliza ya 1. Hapo sala inakuwa maigizo. Siku ambayo tumaini halitoki, nahamia Zaburi ya 88, inayoishia gizani kabisa, na bado imo kwenye Biblia!

Kuhusu hofu kwamba kulalamika ni kujitenga na Mungu: Yesu msalabani alisema "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" (Mathayo 27:46). Ameachwa, lakini bado anasema "wangu". Na maneno yakiisha kabisa, kuna Warumi 8:26, inayosema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.