Najua magonjwa, lakini kesi za NCLEX zinanishinda. Nakosea wapi?

SistaWaUsiku:
Wakuu, habari zenu. Nimebakiza wiki tano nifanye NCLEX, ule mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani. Maswali ya mojamoja nayapata vizuri tu. Ila zile kesi, mgonjwa mmoja maswali sita mfululizo, ndizo zinaniangusha.

Jana nilikutana na mama wa miaka 62, siku ya pili tangu abadilishiwe nyonga. Saa kumi alfajiri kaanza kuhema ghafla. Mapigo 122, oksijeni 87%, joto 37.4, kidonda kikavu, na anasema, "Sista, nahisi nakufa." Mimi nina miaka saba wodini. Nikaona mtu mwenye hofu, nikachagua dawa ya kumtuliza. Kumbe ni damu iliyoganda ikakimbilia mapafuni, na mimi nilikuwa nakwenda kumlaza usingizi! Dalili za hali hiyo nazijua kwa ghibu. Usiku kucha nimemuwaza yule mama kana kwamba yupo.

BiZamu:
Pole mwanangu. Maarifa unayo, ila uliyakimbilia machaguo. Yafunike kwanza, kwa karatasi au kiganja, uandike kwa maneno yako: nini kimebadilika? Joto na kidonda haviko vibaya, viweke kando. Kuhema, mapigo, oksijeni na ile hofu vimekuja pamoja, tena ghafla. Sasa tafuta kitu kimoja kinachoweza kuvileta vyote. Hofu tupu haimshushi mtu hadi 87%. Oksijeni ikipungua, ndiyo humletea mtu hofu! Ukishaliona hilo, la kufanya linakuja lenyewe: mkalishe wima, mpe oksijeni, ita daktari, usitoke kitandani pake.

Halafu taja unachotarajia kuona ukimpima tena baada ya dakika kumi. Hatua hiyo ya mwisho wengi huiruka, na mtihani unaiuliza.

Daftari_Jekundu:
Naongeza la alama, maana mimi liliniumiza. Tangu mtindo mpya uanze Aprili 2023, kwenye "chagua yote yanayofaa" kila tiki sahihi inakupa alama na kila tiki ya kosa inakupunguzia, ingawa hushuki chini ya sifuri. Kwa hiyo usiweke tiki ya kubahatisha. Lakini ukiambiwa idadi kamili, mfano "chagua manne", kosa halikatwi, jaza yote manne. Na ukishathibitisha jibu hakuna kurudi nyuma, basi usiendelee kulibeba.

SistaWaUsiku:
Bi Zamu, shikamoo, na asante sana. Daftari, asante ndugu yangu, hilo la idadi sikulijua.

Leo nimefunika machaguo kwa daftari. Mzee anatumia digoksini, dawa ya moyo, na furosemaidi, dawa ya kukojoza maji, anatapika, anaona kila kitu cha njano, mapigo 48, potasiamu imeshuka hadi 2.9. Nikaandika: digoksini imemzidi, dozi ya asubuhi isitolewe, daktari aitwe, moyo ufuatiliwe kwenye mashine. Hapo sijaona chaguo hata moja. Nimepata matano kati ya sita.

Lililonitoka ni lile lile la mwisho, Bi Zamu. Niliona potasiamu imepanda nikasema amepata nafuu, sikutazama kwamba mapigo bado ni 50. Kesho kila kesi nitaanza kwa kuandika pembeni namba ninazotaka zirudi sawa.