Naomba ushauri: nibobee kwenye chembe za protini au za mafuta?

Wakuu, shikamooni wanaostahili. Nimemaliza shahada ya baiokemia na natafuta uzamili kwenye utengenezaji wa chanjo. Nimekwama njia panda, na mzee nyumbani haishi kuuliza naanza kazi lini.

Kilichonivuta ni chanjo ya malaria ya R21. Kipande cha protini ya kimelea kinaunganishwa na protini ya gamba la kirusi cha homa ya ini B, hamira inazizalisha, kisha zenyewe zinajikusanya kuwa chembe ndogo mno, za makumi ya nanomita tu (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). Kinga ya mwili inadhani imekutana na kirusi! Kule Seattle, Marekani, taasisi ya David Baker (Nobeli ya kemia 2024) wanasanifu maumbo ya namna hiyo kwa kompyuta, na chanjo ya UVIKO ya Korea Kusini, SKYCovione, imetokana na kazi yao.

Upande wa pili ni chembe za mafuta zinazobeba mRNA (maelekezo ya kijenetiki yanayouwezesha mwili kutengeneza wenyewe protini ya kirusi), kama za Pfizer na Moderna. Naona ndiko wengi wanakokimbilia. Ila ile baridi ya kuhifadhia ya nyuzi 70 chini ya sifuri ya Pfizer mwaka 2020 ilinitisha. Kwetu umeme ukikatika hata samaki hawaponi.

Moyo uko kwenye protini, lakini programu za kompyuta sijawahi kuandika hata mstari mmoja. Je, nianze na Python (lugha ya kuandikia programu) kwanza au nitajifunzia hukohuko? Na nikirudi nyumbani, ipi ina maabara ya kunipokea?