Wakili wa kulipwa na serikali aanzie kituo cha polisi, si mahakamani. Mnasemaje?

Mwanzisha mada:
Wakenya wenzangu, mtu akikamatwa usiku wa leo, awe Kayole au Lodwar, Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Lakini wakili anayelipwa na serikali tunamkuta Kifungu cha 50, kwenye haki za mtu aliyekwisha kushtakiwa, tena pale tu ambapo kumkosa kungeleta dhuluma kubwa. Basi mwenye pesa humpigia wakili wake akiwa bado kwenye kaunta ya OB, lile daftari la matukio la kituo. Asiye nazo huhojiwa peke yake, na wakili, akibahatika kumpata, wanaonana kizimbani.

Huko ni kuchelewa. Ni katika saa za mwanzo ambapo simu huchukuliwa, taarifa huandikwa, na mtu huambiwa atie sahihi aende nyumbani.

Msinijibu kwa ile kanuni ya kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa 24. Zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, unangoja siku ya kazi inayofuata. Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa Homa Bay Jumamosi tarehe 7 Juni 2025 kwa sababu ya chapisho la mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi, akapelekwa hadi kituo cha Central, Nairobi. Baba yake alifunga safari na hati ya shamba ili amwekee dhamana. Jumapili akaambiwa mwanawe amefariki. Polisi walidai alijigonga ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo. Mahakama ingefunguliwa Jumatatu.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole kwa familia ile, lakini mimi nasimama na aliyeibiwa. Pikipiki yangu iliibwa, na ninajua ilivyo kungoja polisi waulize maswali. Wakili akitangulia, neno la kwanza atakalomwambia mshukiwa ni "nyamaza", na mali inavuka mpaka. Halafu mawakili wamejazana Nairobi. Huko Turkana saa nane usiku utamtoa wapi? Na nani atalipa?

Mchangiaji wa pili:
Ndugu yangu, mimi ni msaidizi wa kisheria, vituoni naingia kila wiki. Sheria yetu ya Ushahidi haikubali mshukiwa akiri mbele ya mpelelezi wa kesi yake. Lazima iwe mbele ya jaji, hakimu, au afisa mwingine mwenye cheo, na kwa huyo afisa awepo mtu wa tatu ambaye mshukiwa amemchagua mwenyewe. Sasa mtu aliyekamatwa usiku, simu imechukuliwa, atamchagua nani? Ungamo lililochukuliwa ovyo hutupwa kortini, kesi ikaanguka, na aliyeibiwa akabaki mikono mitupu. Kitu cha kwanza ninachouliza kituoni ni namba ya OB. Familia huambiwa "hayupo hapa", wakazunguka vituo vyote mtaani huku kijana wao yuko ndani, hajaandikwa popote.

Mwanzisha mada:
Asante, dada. Kuhusu Turkana, Uingereza ilikuwa na swali hilohilo. Sheria yao ya polisi ya 1984 inampa kila anayezuiliwa kituoni ushauri wa wakili bure, usiku na mchana, na kwa makosa madogo mara nyingi hushauriwa kwa simu tu. Sisi tayari tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Waanze na simu kwa wakili wa zamu, inayopigwa mbele ya mshukiwa kabla ya swali la kwanza, na saa yake iandikwe kwenye OB.

Linalonipa wasiwasi zaidi ya gharama ni usalama wa mawakili wenyewe. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri waliuawa baada ya kutoka mahakama ya Mavoko, ambako Mwenda alikuwa na kesi iliyomhusu afisa wa polisi. Polisi watatu na mpashaji habari wao walipatikana na hatia mwaka 2022. Tukiwatuma mawakili vijana vituoni usiku, nani atawalinda? Hapo ndipo nataka mnijibu, hasa nyinyi mliowahi kuvaa sare.