Nayachunguzaje magugu kabla ya kununua dawa?

Mama Mahindi, Kilosa: Wadau, bondeni kwangu ndago imetawala. Juu kwenye mchanga kuna kiduha na kishona nguo. Dukani wananiuzia dawa moja ya shamba zima, na roho inakataa. Nianzie wapi?

Mjukuu wa Shamba: Anza kwa kuhesabu, dada. Tengeneza fremu ya miti, nusu mita kwa nusu mita. Pita shamba lote kwa zigizaga, iweke kila baada ya hatua kadhaa, uandike kila gugu na idadi yake. Usichague palipochafuka tu, hesabu itakudanganya. Bonde liandike peke yake. Ndago huzaliana kwa vinundu vya ardhini, na jembe huvitawanya. Kiduha hunyonya mizizi ya mahindi kabla hakijachomoza! Mbegu zake hudumu udongoni zaidi ya miaka 10, kwa hiyo king'oe kabla hakijachanua.

Nyar Siaya: Huku tunapanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha, kisha huzizuia kushika mahindi, zinakufa. Ng'ombe nao wanapata malisho.

Mama Mahindi, Kilosa: Asanteni sana. Mbegu ya desmodiamu Morogoro inapatikana?