Naomba ushauri: nyuso zinapotea kwenye picha zangu za nyeusi na nyeupe

Habari zenu wakuu. Napiga picha za mtaani Kariakoo, nyeusi na nyeupe tupu, hasa Mtaa wa Kongo. Shida yangu ni jua la saa sita. Jana nimempiga picha muuza kahawa: shati jeupe limeungua kabisa (mwanga umezidi, limebaki weupe mtupu), na chini ya kapelo uso umekuwa giza. Macho hayaonekani, na macho ndiyo niliyoyafuata!

Nilitumia ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), spidi 1/500 ya sekunde. Nikajaribu spidi ya 1/2000, inayoingiza mwanga kidogo zaidi, shati likapona, lakini nilipoinua vivuli (kung'arisha sehemu za giza) kwenye kompyuta uso ukajaa chenga, yaani vidoadoa.

Je, nipime mwanga usoni na kuliacha shati liungue, au mchana nipige kivulini tu? Na ruhusa mnaiomba kabla au baada ya kupiga?