Nataka kuweka Windows bila kuazima macho ya mtu. Nianzie wapi?

MwalimuMamboleo

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili hapa Kisumu. Sioni tangu nikiwa na miaka tisa, na laptopu ndiyo daftari langu na kabati langu la mitihani. Natumia NVDA, programu inayonisomea skrini kwa sauti.

Mwezi uliopita ilianza kuganda, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Nilimweleza mara mbili: usifute kitu, na ukimaliza niachie NVDA. Jioni akanikabidhi mashine bubu. Nilibonyeza kila nilichokijua, kimya. Nikaja kugundua kwamba kaweka Windows nyingine, akaunti ni ya jina lake, neno la siri ni lake, na maswali yangu ya miaka minne ya Kidato cha Tatu hayapo. Nilirudi Mamboleo kwenye matatu nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Mtoto wa jirani alinisaidia kurudisha NVDA. Lakini mashine bado inaganda, na kila mara nasomewa ujumbe kwamba Windows hii haijaidhinishwa. Sitaki tena mtu nisiyemjua ashike neno langu la siri. Je, asiyeona kabisa anaweza kuweka Windows mwenyewe mwanzo hadi mwisho? Wakati ule NVDA haipo. Nani atanisomea? Ni HP ya mtumba, Windows 10, RAM gigabaiti 8, na nina flashi ya gigabaiti 16.

NuktaSita

Pole sana mwalimu. Anaweza. Mimi ni kipofu, nimeshafanya mara tatu hapa Kakamega, mlango umefungwa, peke yangu.

NVDA haikusindikizi kwa sababu inaishi ndani ya Windows. Nyumba ikibomolewa, na mpangaji hana pa kukaa. Lakini tangu toleo la 1709 la Windows 10, la mwaka 2017, Narrator, kisoma skrini cha Windows yenyewe, imo ndani ya flashi yenyewe ya kuwekea. Mashine ikishawaka kutoka kwenye flashi hiyo unabonyeza Control, Windows na Enter kwa pamoja, inaanza kusema.

Ugumu ni kwamba hakuna mlio wa kukwambia sasa iko tayari. Mimi huweka kiganja juu ya mashine pale diski ilipo na kusikiliza feni. Mwanzoni feni hukimbia, kisha hutulia. Nasubiri dakika mbili nzima kwa saa ya simu, ndipo nabonyeza, mara moja tu. Hapo ndipo wengi huharibu: wakisikia kimya wanabonyeza tena, na vitufe vilevile vitatu vinavyoiwasha ndivyo vinavyoizima. Ipe sekunde thelathini kabla ya kujaribu tena. Tumia spika ya laptopu. Usitegemee vipokea sauti vya Bluetooth, havitaunganishwa huko.

Ikianza kusema, ni Tab, mishale na Enter kama kawaida.

FundiSection58

Mwalimu, mimi naona, ni fundi hapa Nakuru, na nimesikitika kwa niaba ya kazi yangu. Mteja akisema usifute, hufuti.

Kabla ya yote: acha kuitumia hiyo laptopu leo. Kama diski ni ya zamani, ile inayozunguka, huenda maswali yako bado yamo. Kufuta hakuondoi data papo hapo, kunaondoa anwani tu, na kila unachohifadhi sasa kinaweza kukalia mahali pake. Kama ni SSD, ile isiyozunguka, matumaini ni madogo. Chukua kompyuta nyingine, weka PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, kwenye flashi. Ni ya bure, ni maandishi matupu ya kuchagua kwa mishale. Faili zinazookolewa zipeleke kwenye diski ya nje, kamwe zisirudi kwenye diski ileile.

Pili, usinunue leseni kwa mtu. Kama mashine ilitoka kiwandani na Windows 8 au 10, ufunguo umehifadhiwa kwenye bodi yake. Ukiweka toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, itajiidhinisha ikipata intaneti.

MwalimuMamboleo

Asante sana. Diski inazunguka, naisikia. Sasa swali kwa NuktaSita: nitaifanyaje iwake kutoka kwenye flashi? Fundi huingia BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, na nimeambiwa huko hakuna sauti.

NuktaSita

Ni kweli, BIOS haisemi, na mimi siingii. Pitia mlango wa ndani. Ukiwa bado kwenye Windows na NVDA inaongea, chomeka flashi, bonyeza Windows na R, andika shutdown /r /o /t 0, kisha Enter. Mashine itazima na kuwakia kwenye menyu ya uokoaji. Hapo pia Narrator iliniitikia kwa vitufe vilevile. Tafuta Use a device, kisha jina la flashi yako.

Ikikataa, kuna Be My Eyes kwenye simu. Unampigia mtu wa kujitolea kwa video, anakusomea skrini ya BIOS. Kata simu kabla ya hatua yoyote ya neno la siri.

Na jambo moja nakusihi: orodha ya patisheni, yaani vipande vya diski, unapochagua pa kuweka Windows. Kabla ya kuanza, ukiwa na NVDA, jua ukubwa wa kila diski yako na uukariri. Diski ya nje ing'oe kabisa, iweke chumba kingine. Kwenye orodha ile Narrator inakutajia namba tu, haikwambii ndani mna nini.

Mteremko_Bungoma

Mimi nashauri tofauti. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na HP ya mtumba huenda isikubali 11. Weka Debian, mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows. Menyu yake ikiwa tayari inalia, kwa hiyo hubahatishi. Unabonyeza herufi s na Enter, inaanza kuongea. Kama una kadi zaidi ya moja za sauti, inasema kupitia kila moja na kungoja ubonyeze Enter kwa ile unayoisikia. Ukimaliza, mfumo mpya unawaka ukiwa tayari unaongea. Ndivyo inavyopaswa kuwa kote.

FundiSection58

Ndugu yangu wa Bungoma, usemayo ni kweli, ila mwalimu ana mitihani ya muhula huu na vidole vyake vimezoea NVDA. Kumhamisha nyumba na lugha siku moja ni kumtesa.

MwalimuMamboleo

Nimerudi na majibu. Ijumaa usiku PhotoRec ilifanya kazi saa sita, laptopu ikiwa mezani na chaja, nami naomba stima isipotee. Debian nitaijaribu likizo ya Agosti, kwenye mashine ya kaka yangu kwanza.

Jumamosi alfajiri nikaanza. Menyu ya uokoaji ilisema mara moja. Flashi ilipowaka, kimya. Nikaweka kiganja kama NuktaSita alivyosema, feni ikakimbia, ikatulia. Nikahesabu dakika mbili. Nikabonyeza. Kimya. Mkono ulikwenda wenyewe kubonyeza tena, nikauzuia, nikaukalia. Kisha Narrator ikaanza kunisomea orodha ya lugha, na nikalia, siwafichi.

Kwenye orodha ya diski ilisoma gigabaiti 465 na gigabaiti 14, kama nilivyokariri: kubwa ni diski ya ndani, ndogo ni flashi. Nilirudia mishale mara nne kabla ya Enter. Mwisho ikauliza jina la mtumiaji. Nikaandika langu, ikinitajia herufi moja moja. Ilipopata intaneti ujumbe wa kuidhinishwa ukatoweka, na tangu hapo haijaganda.

Faili zimeokolewa zaidi ya mia tatu, lakini hazina majina yake, ni namba tu. Nazifungua moja baada ya nyingine. Ya ishirini na mbili ilikuwa mtihani wa Kidato cha Tatu, Vita vya Maji Maji, maswali yote yamo.

NuktaSita

Mwalimu, ukiipata nambari ya mwisho, tupe habari. Na nakala ziweke mahali pawili usiku huuhuu.